Kutu ya Mseri

Sikumpa shikamoo.

Naanzia hapo kwa sababu watu wa Chome wameshaanza kusimulia habari hii kila mtu kwa namna yake, na wote wanaanzia hapo. Wanasema Profesa Anaeli Senkondo, mzee wa miaka sabini na minne, alipanda kwa miguu kutoka getini hadi kituo chetu cha msitu, mtungi wa hewa mgongoni, akafika anahema. Na mimi Nakiete Mzava, niliye mdogo kwake kwa miaka ishirini kamili, nikamkazia macho mpaka akasalimia yeye kwanza. Ni kweli. Wala sijutii hilo, nina mengine ya kujutia.

"Habari za hapa, Nakiete," alisema.

"Za hapa unazijua."

Hakukaribishwa kiti, akajikalisha mwenyewe kwenye benchi la maabara, kati ya kikaushio na hadubini. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua mezani polepole. Katikati kulikuwa na unga wa kahawia, laini, kama unga wa kakao uliomwagika.

"Wiki ya pili sasa," akasema. "Nikikohoa, unatoka huu."

Nikavuta lenzi, nikainama. Sikuhitaji lenzi, lakini nilitaka anisubiri.

"Ni spora, mbegu za uyoga wako," nikamwambia. "Hongera, Profesa. Umezaa."

Kwa asiyejua: miaka ile tambarare za chini zilipokauka, vumbi lilipanda milimani msimu hadi msimu, na mapafu ya watu yakaota makovu. Senkondo ndiye aliyeleta dawa. Alichukua uyoga mmoja adimu unaoishi juu ya miti ya mseri hapa Shengena, akauotesha kwenye chupa, na mgonjwa akauvuta kama anavyovuta dawa ya pumu. Ndani ya pafu, uyoga unatandaza nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele, unaunga palipochanika kama fundi anavyosuka upya kikapu kilichotoboka. Watu laki mbili wanatembea leo kwa sababu ya nyuzi hizo. Nakubali. Mimi nina hasira, si kipofu.

Uyoga wenyewe unaitwa uyoga-senkondo. Katika kazi yetu, kukipa kiumbe jina lako mwenyewe ni aibu, ni kama mtu kujisifia msibani. Senkondo alijua hivyo, kwa hiyo alimpa mwanafunzi wake kazi ya kuuandika na kuuita, na mwanafunzi, kwa mapenzi yake mwenyewe bila shaka, akauita kwa jina la mwalimu. Nilipoisikia hiyo nilicheka mpaka nikaumwa mbavu.

"Miaka mitatu iliyopita," Senkondo akasema, "uliomba namba kwenye Daftari la Viumbe. Nimeiona. 'Kuvu aishiye juu ya uyoga, juu ya mseri, Shengena.' Ukapewa namba, halafu hukujaza jina. Nataka kujua ni kitu gani."

"Unataka kujua, au unataka kuponywa?"

Akakohoa.

Sheria ya Daftari si ngumu. Kiumbe chochote hakiruhusiwi kuingizwa mwilini mwa mtu mpaka kiwe na jina, na jina haliruhusiwi kuelea hewani: linafungwa kwenye sampuli moja tu, iliyokaushwa na kuwekwa kwenye bahasha, ile tunayoiita sampuli mama. Juu ya bahasha kuna lebo. Lebo inasema imeokotwa wapi, lini, juu ya mti gani, na nani. Ukitaka kujua kitu ni nini hasa, unairudia sampuli mama na lebo yake. Lebo ikisema uongo, kila kilichojengwa juu yake kinasimama kizani.

Nikaenda kabati la tatu. Sampuli mama zote za Shengena zilirudishwa hapa sheria ilipobadilika, na ya uyoga-senkondo imo. Nikamwekea bahasha mbele yake na kalamu pembeni.

"Soma mstari wa mwisho."

"Nakiete..."

"Soma, Profesa. Uliandika mwenyewe."

"Mkusanyaji: A. Senkondo."

"Kata. Andika Penina Mzava. Weka sahihi na tarehe ya leo. Ukimaliza, nitakuambia kiumbe changu ni nini, na utapumua."

Akaisogeza kalamu kando. Mtungi wake ulikuwa ukifanya sauti ya kufyonza, taratibu.

"Lebo hii ikibadilika, leseni yangu inasimama siku hiyo hiyo," akasema. "Nitashtakiwa. Na wagonjwa? Laki mbili, Nakiete. Watabaki na uyoga kifuani, hawana wa kuwaangalia."

"Leo unawahesabu. Ulipokuwa unaifuta kutu uliwahesabu?"

Hapo ndipo alipoelewa. Niliona uso unambadilika. Midomo ikasema neno lile bila sauti: kutu. Akasimama, akashika ukuta, akaniambia atalala nyumba ya wageni na atanipa jibu kesho saa tisa mchana.

"Hata keshokutwa," nikamjibu. "Mimi nimesubiri miaka thelathini na moja."

*

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Haya, na mimi niliuza wangu. Nimepeleka lebo ile kwenye kamati nne. Kamati zote zimeniuliza swali moja: ushahidi uko wapi? Ushahidi ulikuwa mimi, na mimi sikutosha.

Mama yetu na mama zake walikuwa waokotaji wa uyoga wa mseri. Mchuzi wake hupewa mwanamke aliyejifungua. Uyoga wenyewe unakaa juu, kwenye matawi makubwa, umebandikwa kama rafu, mweupe chini wenye vitundu vidogo vidogo, na kwa juu una madoa mekundu-mekundu tunayoyaita kutu. Miiko ilikuwa miwili. Wa kwanza: kutu haifutwi, uyoga unashuka na kutu yake. Wa pili: mwaka wa maua hatupandi mpaka kutu ionekane.

Mseri huchanua kidogo-kidogo kila mwaka, huku tawi, kule tawi. Lakini mara moja katika miaka thelathini na moja msitu mzima unachanua kwa pamoja, na mwaka huo uyoga nao unabadilika. Unageuka kahawia, unanenepa, unamwaga spora, na ili upate nguvu ya kumwaga spora unalila tawi kwa ndani. Kwa nje tawi ni zima, gome safi, majani ya kijani. Ndani ni unga. Kutu huja baadaye, miezi mitatu au minne, na ikishakuja ulaji unakoma. Bibi zetu hawakuwa na hadubini, walikuwa na watu walioanguka.

Dada yangu Penina alikuwa mpandaji bora Chome nzima. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mimi ishirini na tatu. Senkondo alikuja mwaka wa maua, mhadhiri mwenye shahada mpya ya uzamivu, akaona uyoga wa kahawia juu ya mseri wa Kwa Mzindo, akautaka. Penina akamwambia, "Kaka, huu mwaka hatupandi." Akamwambia mara mbili, kwa heshima. Senkondo akajibu kwamba sayansi haina mwiko. Halafu akageuka kwangu, akasema ile barua yangu ya kuombea chuo anaweza kuiandika vizuri au vibaya, inategemea na ushirikiano.

Penina akafunga kamba kiunoni. Hakupanda kwa ajili ya sayansi. Alipanda kwa ajili ya barua yangu.

Tawi halikutoa hata sauti ya kuonya. Lilikatika kama mkate mkavu. Kamba ilishika, lakini kamba ikishika mtu aliyeanguka mita kumi na nne, inashika nini? Nilimkuta ananing'inia karibu na ardhi, kichwa kimelala vibaya. Senkondo alifika kabla yangu. Na mkono wake wa kwanza, nasema mbele za Mungu, mkono wake wa kwanza haukwenda kwenye kamba. Ulikwenda kwenye kikapu. Alitoa uyoga, akaangalia kama haujavunjika, ndipo akamfungua dada yangu.

Jioni ile ile aliusafisha. Uyoga ulikuwa na madoa machache ya kutu iliyoanza kuingia, akayakwangua kwa kijembe na kuyapangusa kwa kitambaa chenye spiriti ili picha itoke nzuri. Kosa hilo si lake peke yake, niseme kweli. Ni kosa la kazi yetu. Sote tulifundishwa hivyo: sampuli isafishwe, ichorwe, ikaushwe. Kilicho juu ya kiumbe unachokitafuta kinaitwa uchafu. Msibani watu walinong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikatamani kuwarukia. Aliyekataa kusikia alikuwa amekaa viti vya mbele, anakula wali.

Barua aliiandika vizuri. Nikasoma. Nikarudi Shengena kuchunguza uchafu.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba kutu ni kiumbe kamili, kuvu mdogo asiyeishi popote duniani ila juu ya uyoga ule, na uyoga ule hauishi popote ila juu ya mseri. Nyuzi zake zinajizungusha kwenye nyuzi za uyoga, zinauma kidogo, zinanyonya kidogo, na uyoga unalala. Haufi, unatulia na kuacha kula. Tawi lenye kutu linaweza kubeba watu watatu.

Jambo la pili nililijua miaka mitatu iliyopita, siku moja nikifungua chupa ya zamani ya nyuzi za Senkondo. Ilikuwa imekaa kwenye kabati la baridi, gizani, mbali na maua yoyote, na pembeni mwa nyuzi nyeupe kulikuwa na vinundu vya kahawia, vidogo mno. Nikaelewa papo hapo. Mianzi hufanya hivyo. Ukichukua chipukizi ukalipanda nchi ya mbali, mama akichanua huku, mtoto anachanua kule, mwaka ule ule, kwa sababu saa wanayo ndani. Na nyuzi zote za Senkondo, za mapafu yote laki mbili, zilitoka kwenye uyoga mmoja, ule wa kikapu cha Penina, uliokwanguliwa kutu yake.

Kwa hiyo nilijua. Naandika neno hilo bila kulizungushia maua. Miaka mitatu nilijua kwamba mseri ukichanua, vifua vya watu vitaanza kuliwa, na kwamba kutu ingewatuliza. Nilikuwa nimeiotesha kwenye mitungi kumi na miwili ya vumbi la mbao za mseri, na nilikuwa nimeipitisha kwenye nyama ya mapafu iliyooteshwa maabara, ikafanya kazi yake bila kudhuru. Nikafungua fomu ya Daftari, nikachukua namba, nikajaza kila kitu: umbo, rangi, spora, makazi. Nikaacha nafasi mbili tu wazi, jina na tarehe ya kugunduliwa. Nikaifunga.

Jina nilikuwa nalo. Penina. Lakini sikutaka kumpa mwizi dawa yenye jina la dada yangu huku lebo yake inasema uongo. Nilitaka kwanza aje. Nilijua atakuja, maana alikuwa mtu wa kwanza kuvuta uyoga ule, mbele ya kamera, anatabasamu. Malipo ni hapa hapa duniani, nilijiambia, na mimi nitakuwa karani wake. Hao laki mbili sikuwajua sura. Mtu usiyemjua sura ni rahisi sana kumchelewesha.

*

Mpishi wa kituo chetu alikuwa Mzee Mbonea. Alistaafu ualimu, akachoka kukaa nyumbani, akaja kutupikia. Miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuunguza sufuria. Makande yake watu walikuwa wakiyafuata kutoka Gonja, na alikuwa na sauti nzito ya kwaya iliyofanya vifuniko vitetemeke. Mimi, ambaye nilimnyima profesa shikamoo, nilimwamkia Mzee Mbonea kila asubuhi ya Mungu.

Siku ile Senkondo alipofika, mchana nilimkuta Mbonea anampakulia makande.

"Huyo umpe uji wa jana," nikasema.

"Mgeni ni mgeni, mwanangu." Akaongeza kijiko cha pili, makusudi, ananiangalia. "Hasira hasara."

"Mzee, humjui huyo."

"Wewe umenisimulia kila wiki kwa miaka kumi na tisa. Namjua kuliko wanawe." Akacheka, na kicheko kikamkatikia kooni, akageuka upande wa jiko. Nilidhani ni moshi.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, maua yalifunguka. Nilitoka nje, msitu wote juu yangu ulikuwa umepauka kwa maua madogo ya rangi ya maziwa, na harufu yake kali kama ya dawa ya mafua imejaa hadi jikoni. Kutoka jikoni nilisikia wimbo wa kwaya umeanza, ukasimama, ukaanza tena, ukasimama. Nikaingia kuamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa amenipa mgongo, anapepeta maharage. Akakohoa, akajifuta kwa pembe ya aproni, akaikunja haraka. Si haraka ya kutosha. Aproni ilikuwa nyeupe, na kwenye pembe kulikuwa na unga wa kahawia.

Nikaishika ile pembe, nikaikunjua.

"Mzee Mbonea. Ulivuta lini?"

Akatazama maharage. "Mwaka wa tano huu. Nilikuwa siwezi kupanda ngazi za kanisa."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Sasa alinigeukia, na hakuwa na hasira, alikuwa na aibu, kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Wewe mwanangu ukisikia neno senkondo unapasua vikombe. Nilivuta kwa siri, nikaendelea kukupikia. Nilitaka kuimba, basi. Ni kitu kibaya?"

"Si kibaya," nikasema. "Kaa. Usibebe ndoo leo."

"Makande yatajipika?"

Niliondoka pale nikaenda maabara, na hapa kuna jambo ambalo watu wa Chome hawalijui, ndiyo maana naliandika. Mitungi kumi na miwili ilikuwa mbele yangu. Ningechota kijiko kimoja cha kutu, nikampelekea mzee jikoni, akavuta. Jina, namba, Daftari, vyote vingefuata. Ilikuwa kazi ya dakika tano.

Lakini Mbonea hakuwa mtu wa kutunza siri za watu wengine. Angepata nafuu, angeimba, angemwambia Senkondo pale pale mezani, "Profesa, vuta na wewe, ni hii hapa." Na Senkondo angepumua bila kuandika. Miaka thelathini na moja ingeishia kwenye kijiko cha makande. Nikaangalia saa. Saa mbili na nusu. Jibu la Senkondo ni saa tisa. Saa sita na nusu tu, nikajiambia. Mzee ameishi na uyoga miaka mitano, saa sita na nusu ni nini? Nikaketi kusafisha lenzi ambazo hazikuwa chafu.

Mimi, kati ya watu wote duniani. Mimi niliyeliona tawi zima likikatika bila kuonya.

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Ilikuwa karibu saa saba mchana. Nilinusa kitu, nikawaza kikaushio kimeharibika, nikakikagua, kiko sawa. Ndipo nikajua ni harufu gani. Yalikuwa makande yanaungua.

Nilikimbia. Sufuria ilikuwa inatoa moshi mweusi. Mzee Mbonea alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea gunia la mahindi, mwiko mkononi, macho wazi, na kidevuni na kifuani kahawia tupu. Nilimtikisa, nikamwita, nikampiga makofi ya mashavuni. Nilikimbia maabara nikarudi na mtungi mzima, nikachota kwa vidole, nikampulizia kutu puani na mdomoni. Kutu inatuliza ulaji. Haifufui. Nilijua hilo vilevile, na bado niliendelea kupuliza mpaka uso wake wote ukawa mwekundu na mimi nikakosa pumzi.

Niliua mtu. Sikumsukuma wala sikumpa sumu. Nilimchelewesha. Nilimfanyia Mbonea kile alichofanyiwa Penina: nilikwenda kwanza kwenye kikapu.

*

Saa tisa kamili Senkondo aliingia maabara. Alikuwa ameambiwa habari ya jikoni, na alikuwa amevua kofia.

"Pole, Nakiete."

Alivuta bahasha mwenyewe, ilikuwa bado mezani. Akachukua kalamu. Alikata mstari wa mwisho mara moja, kama inavyotakiwa, ili kilichokatwa kiendelee kusomeka. Juu yake akaandika: Mkusanyaji, Penina Mzava, aliyefariki akikusanya sampuli hii. Sikumwomba maneno hayo ya pili. Akaweka sahihi na tarehe.

"Nilimwona ameshakufa," akasema, bado ameinama. "Ndiyo nikaanza na kikapu. Nimejiambia hivyo miaka yote. Sijui kama nilihakikisha."

Niliwahi kuota siku hii, jamani. Niliota nitasimama, nitasema maneno niliyoyapanga tangu ujana wangu. Niliyatafuta, sikuyapata. Nilikuwa nasikia harufu ya kuungua kwenye nguo zangu tu.

"Sogea," nikamwambia. "Nina kazi."

Nikafungua fomu. Nafasi mbili zilikuwa zinanisubiri. Nilianza na tarehe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ngumu. Tarehe ya kugunduliwa: ningeweza kuandika ya leo, hakuna ambaye angejua. Niliandika ya miaka mitatu iliyopita, siku niliyofungua ile chupa. Na kwenye sehemu ya makazi na tabia, baada ya maneno "hutuliza ulaji wa uyoga-senkondo kwenye mti na kwenye pafu," niliongeza: "Mwandishi alilijua hili tangu tarehe iliyotajwa. Mtu mmoja wa kituo hiki amefariki leo kwa kucheleweshwa."

Senkondo alikuwa anasoma begani kwangu. "Ukiiandika hivyo watakufunga," akasema.

"Tutakuwa wawili. Safari hii si kesi ya kuku."

Nikafika kwenye jina. Miaka mitatu nimelibeba jina moja, nimelijaribu mdomoni, nimeliona likiandikwa kwenye makasha, madaktari wakiliita, watu wakilivuta asubuhi na jioni. Lakini Penina alikuwa ameshapata lebo yake. Lebo ndiyo aliyostahili, haki yake ilikuwa pale, na wino ulikuwa haujakauka. Jina lilikuwa la mtu mwingine, na kulitoa ilikuwa wajibu wangu mimi, si wa Senkondo. Nikaandika, nikabonyeza, na Daftari likajibu papo hapo kwamba limepokea. Mitungi kumi na moja ingeshuka mlimani jioni hiyo hiyo kwa ndege za dharura. Wangeiotesha, na kufikia mwisho wa juma kila hospitali ingekuwa nayo. Wengine wangewahiwa, wengine hapana. Idadi ya hao wa pili mahakama itanisomea, nami nitaisikiliza nimesimama.

Mtungi wa kumi na mbili ulikuwa bado wazi, na alama za vidole vyangu ndani. Nilichota kijiko, nikakisogeza karibu na uso wa Senkondo. Alifunga valvu ya hewa yake, akavuta. Akakohoa, akavuta tena. Nilimshikia kijiko mpaka kikaisha. Baada ya muda kifua kikaacha kukoroma, akavuta pumzi ndefu ya kwanza, machozi yakamtoka.

Akainama kwenye kioo cha kompyuta kusoma jina la kilichomwingia kifuani.

"Kutu-mbonea," akasoma. "Mbonea ndiye nani?"

"Ni yule mzee," nikamwambia, "aliyekuongezea kijiko cha pili cha makande jana."